Kasa Arobaini na Mmoja wa Gannet Point

Piney Marsh, North Carolina
4 Machi 2019

Kwa Ndugu Wendell Fulcher, mume wa dada yangu Verna,

Neema iwe nawe na nyumba yako. Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu na haijasomwa na mtu mwingine, kwa kuwa utaratibu wa kanisa letu unaufahamu tangu siku uliyobatizwa: ndugu aliyekosa huendewa kwanza na mtu mmoja, faraghani, akikataa kusikia, huendewa tena pamoja na mashahidi wawili, akiwakataa na hao, jambo hupelekwa mbele ya kanisa zima. Hii ni hatua ya kwanza. Namwomba Mungu iwe ya mwisho.

Wiki iliyopita nilivuka kwenda maktaba ya wilaya, nikasoma ombi ambalo mtambo wa nyuklia wa Gannet Point umelipeleka kwenye Tume ya serikali inayosimamia nyuklia ili leseni yake iongezwe miaka ishirini. Sura inayohusu viumbe vya bahari ina sahihi yako, wewe msimamizi wa mazingira. Umeandika humo kwamba tangu mwaka 1995 kasa waliokufa ni tisa. Wendell, mimi nilisimama kwenye mdomo wa mfereji ule miaka kumi na tisa, nikiendesha reki inayokwangua takataka kwenye nondo kabla maji hayajaingia kuupoza mtambo. Wewe ulikuja kwangu ukiwa na miaka ishirini na miwili, ukiogopa hata kuinamia maji. Tumepandisha pamoja kasa wafu wengi kuliko hao, na wengi wao walikuwa wale wadogo wa kijivu, ambao duniani wamebaki wachache kuliko wote.

Maafisa wanaolinda viumbe wa bahari watatoa uamuzi kwa hesabu uliyowapa. Wakiambiwa tisa, watasema mtambo hauna madhara, na mfereji utaendelea kuvuta vilevile hadi mimi na wewe tuwe tumezikwa. Viumbe hao hawana wakili wala hawapigi kura. Muumba wao alipotukabidhi bahari hakutupa ruhusa ya kumdanganya juu ya idadi yao.

Sahihisha kabla ya kikao cha wazi cha tarehe 25 Aprili. Usiposahihisha, nitasimama mimi.

Orrin Salter
Mzee wa Kanisa


11 Machi 2019

Mzee Orrin,

Barua nimeipata. Umeanza na neema ukamaliza na vitisho, kama kawaida yako.

Hivi unajua watu mia sita wanaamka asubuhi kwenda kazini pale? Alvah wako wa kanisani ana wana wawili kwenye ulinzi. Mjukuu wa Merle yuko chumba cha mitambo. Leseni ikikwama, hawa wote wataenda wapi, kuvua kaa na wewe? Kaa wenyewe wameisha.

Na tusidanganyane. Yule mama mwanasheria wa kutoka Raleigh, mwenye buti za kijani, amekuja kwako mara ngapi? Verna kasikia kwamba ulimkaangia samaki na mkate wa mahindi juu yake. Sisi ndugu zako hata kikombe cha kahawa kwako hatujakiona tangu mazishi ya mkeo Cleta. Huyo mama hataki kasa waishi, anataka mtambo ufe. Kasa ni fimbo tu ya kutuchapia, na wewe umekubali kuwa mkono.

Hesabu yangu ni safi. Kila namba imetoka kwenye karatasi za zamu, moja moja. Nakuomba kwa mara ya kwanza na ya mwisho: liache jambo hili. Siogopi kwa ajili yangu.

Wendell


Piney Marsh
3 Aprili 2019

Kwa Ndugu Wendell,

Naandika ili iwepo kumbukumbu ya yaliyopita jana barazani kwako, nisije nikasingiziwa, nawe usije ukasingiziwa.

Nilikuja na Ndugu Alvah Willis na Ndugu Merle Guthrie, watu wazima wasio na ugomvi nawe. Hukutukaribisha ndani. Ulisimama mlangoni ukauliza, "Mmekuja watatu kumwona mtu mmoja? Hata polisi huja wawili." Ndugu Alvah alipokueleza kwa upole kwamba hii ni hatua ya pili, ulimjibu kwamba wewe unahesabu kwa kalamu na si kwa hatua. Kisha ukawaambia mbele yangu kuwa nimenunuliwa na wanasheria. Dada yangu alitupitishia kahawa dirishani, kama watu wanaochimba mtaro, na hakuniangalia.

Nilikuuliza mara tatu, kasa ni tisa au si tisa. Mara tatu ulijibu, "Karatasi zinasema tisa." Sikukuuliza karatasi zinasema nini. Nilikuuliza wewe.

Neno lako la mwisho lilikuwa kwangu peke yangu, Alvah na Merle walipokuwa wameshashuka ngazi: "Mzee, nenda nyumbani kabla sijakuonea huruma." Sijalielewa, wala silitaki. Huruma ya mtu mwongo ni mzigo.

Alvah na Merle wameandika majina yao kuwa wamekuendea na umekataa. Imebaki hatua ya tatu, nayo haiko tena mkononi mwangu peke yangu.

Orrin Salter


6 Aprili 2019

Shemeji,

Mwongo. Sawa.

Ulitaka hesabu, chukua. Ndani ya bahasha kuna nakala za karatasi hamsini za zamu, kuanzia 1995 hadi 2008. Kila kasa ana karatasi yake; za walio hai sikuzileta. Safu ya kwanza: Hai. Ya pili: Amefia hapa. Ya tatu: Amefika akiwa mfu. Mtambo unabebeshwa safu ya pili tu, kwa sababu kasa aliyekufa huko baharini akaletwa na maji si kosa la mtambo. Ndiyo sheria, sikuitunga mimi. Safu ya pili ina tisa. Safu ya tatu ina arobaini na mmoja.

Sasa angalia mwandiko.

Ulinifundisha mwenyewe. Mguse jichoni. Asipofumba, na gamba lake likiwa limeota mwani, huyo kafika mfu, tupa kwenye kontena, endelea na kazi. Nililishika neno lako kama aya ya kukariri.

Mwaka 2009, umeshastaafu, wakatuletea daktari wa wanyama, mama mfupi mwenye sauti ya ukali. Akatuambia kasa aliyebanwa chini ya maji hulegea mpaka akafanana na maiti. Moyo unapiga mara moja moja. Jicho halifumbi hata ukiligusa. Unamlaza, unamwinua upande wa nyuma maji yatoke, unamsubiri siku nzima, mchana na usiku, ndipo useme kafa. Na mwani mgongoni maana yake ni mgonjwa, anaogelea polepole. Haina maana kwamba kafa. Siku hiyohiyo nilikwenda kuzitafuta karatasi zako.

Sikukuambia. Ulikuwa umetoka kumzika Cleta. Nikasema mzee huyu amebakiwa na mimbari tu, mwacheni nayo. Miaka kumi nimekaa na karatasi hizi kabatini ili usizione.

Ndiyo huruma uliyoikataa. Kaa nyumbani tarehe 25.

Wendell


Piney Marsh
17 Aprili 2019

Wendell,

Nimezisoma zote hamsini, na nikazisoma tena. Mwandiko ni wangu. Alama ni zangu.

Kanuni ile ya jicho na mwani nilipewa na baba yangu kwenye nyavu zake, naye alipewa na baba yake. Kwenye mashua ya watu wanne hakuna aliyekuwa na siku nzima ya kumngoja kasa. Nikaichukua kanuni ya mashua nikaipeleka kwenye mfereji wa mtambo, wala sikujiuliza kama inafaa huko. Nilidhani kila kasa aliyeandikwa amehesabiwa, na kwamba safu ni maelezo tu ya hali yake. Sikujua kwamba alama yangu katika safu ya tatu ilikuwa inamfuta.

Hayo ni yangu, nami nitayabeba. Lakini usiniletee habari ya huruma. Mimi sikujua; wewe umejua tangu 2009, na mwaka jana ukaweka sahihi chini ya neno "tisa" ukijua kuna arobaini na mmoja nyuma yake. Kama ungenihurumia, ungeniletea karatasi hizi nikiwa bado na magoti ya kunipeleka popote. Hukumlinda mzee aliyefiwa. Ulimlinda msimamizi wa mazingira, ukamvika mzee kama koti, mvua isikupige.

Tarehe 25 nitakwenda. Nitasema nilivyofanya na ulivyofanya, katika mpangilio huo.

Orrin Salter


2 Mei 2019

Mzee,

Wamenipa barua ya kukaa nyumbani mpaka uchunguzi uishe. Kompyuta wamechukua, kitambulisho wamechukua. Mlinzi aliyenisindikiza hadi getini ni mtoto wa Alvah. Alinifungulia mlango wa gari kama vile nimekamatwa.

Nilikuwa nimekaa safu ya nne pale ukumbini, hukuniona au ulijifanya. Ulisema vizuri, siwezi kukunyima. Suti ya mazishi, sauti ile ya Jumapili. "Tulikosa." Ungesema "nilikosa" ukakaa, nani angekulaumu? Lakini hapana, ukanivuta na mimi. Ukumbi mzima ulisimama kukupigia makofi. Mama wa buti za kijani alikukumbatia. Mzee wa miaka sabini na nne kajishtaki hadharani! Wakati huohuo watu wananigeukia kunitazama kama kitu kilichopandishwa na reki.

Ila kuna kimoja umekiruka. Nilikingoja mpaka mwisho, na hukukisema.

Novemba 2001, asubuhi, baridi. Tulikuwa wawili tu. Kasa mdogo wa kijivu, ulishamwandika, ulishamtupa kontenani. Nikakwambia, "Mzee, yule kasogea." Ulikwenda, ukachungulia. Ulichungulia muda mrefu. Ukarudi ukaniambia, "Ni takataka zinashuka. Rudi kwenye reki."

Mbele ya serikali ulisema hukujua. Arobaini, sawa, hukujua. Na huyo mmoja?

Wendell


Piney Marsh
14 Mei 2019

Wendell,

Alisogea. Aliinua pezi la kushoto na kulishusha, na akafungua kinywa. Nilimwona. Kontena lilikuwa refu, lori la taka lilikuwa limeshawasha injini, na karatasi ilikuwa imeshaandikwa kwa wino. Nikakuambia nilichokuambia. Kwa miaka kumi na minane nimehubiri mara mbili kila Jumapili, na sijawahi kulitaja, hata katika maombi. Nilijizoeza kuamini kwamba zilikuwa takataka.

Jumapili iliyopita ilikuwa ya kuoshana miguu. Alvah alipiga magoti mbele yangu na beseni, akaniosha huku machozi yanamtoka, akasema hajapata kuona mtu mwenye ujasiri wa kweli kama mimi. Kina mama walikuja kunishika mikono. Niliacha miguu yangu majini, nikanyamaza.

Sasa nakuomba jambo, nami najua sina haki ya kuliomba. Kanuni yetu haimruhusu mzee wa kanisa kushtakiwa ila na ndugu aliyeona kwa macho yake na kusikia kwa masikio yake. Hakuna aliye hai aliyeona na kusikia, isipokuwa wewe. Mkutano wa kanisa ni Jumamosi ya kwanza ya Septemba. Njoo unishtaki. Sema la Novemba. Nitakiri, wataniondolea uzee wa kanisa, na watu watakaosikia wataacha kukutazama wewe kana kwamba mtambo mzima ulikuwa uongo wako.

Sikuombi urafiki. Bado nasema ulikosa uliponyamaza. Naomba ushahidi.

Orrin Salter


Norfolk, Virginia
27 Mei 2019

Orrin,

Tumehamia kwa binti yetu. Verna amefunga kwa karatasi vyombo vya mama yenu na hakulia mpaka tulipopita mbele ya kanisa. Nakuandikia kwa sababu yeye hataki.

Jibu ni hapana.

Nimeisoma barua yako kwa sauti jikoni na nimecheka. Ulinijia kwa hatua, ukaniletea mashahidi barazani kwangu, ukanianika mbele ya wilaya. Sasa unataka nisafiri mwendo wa saa tatu kwenda kukusafisha? Nisimame nikutaje, wewe ulie, wakuvue hicho cheo, ulale usingizi? Tena uwe mnyenyekevu zaidi kuliko wote?

La Novemba ni langu. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nilikuamini kuliko baba yangu, na niliporudi kwenye reki nilikuwa najua kwamba umenidanganya. Kila kitu nilichonyamazia baadaye nilijifunzia pale. Silitoi kwa kanisa, wala silitoi kwako.

Hubiri. Wape mikono. Kila Jumapili, mara mbili.

Usiandike tena hapa.

Wendell Fulcher


Kanisa la Wabaptisti wa Kale la Piney Marsh
9 Septemba 2019

Kwa Wendell Fulcher,

Ulinikataza kuandika. Barua hii naiandika kwa agizo la kanisa, si kwa hiari yangu.

Jumamosi tarehe 7, baada ya sala, Ndugu Alvah Willis na Ndugu Merle Guthrie walisimama wakatoa taarifa kwamba mwezi wa Aprili walikuendea pamoja nami juu ya hesabu ya kasa, ukakataa kuwasikia. Na kwamba yaliyofuata yameonyesha hesabu ile ilifichwa ukijua. Wakaomba hatua ya tatu.

Niliomba shtaka liondolewe. Alvah alinijibu, "Mzee, hukutuchukua kule kwenda kunywa kahawa." Nikasema mimi ndiye niliyelianzisha, na nilipolianzisha sikuwa najua ninalolijua leo. Merle akasema, si kwa ubaya, kwamba jambo likishakuwa na mashahidi wawili ni la kanisa, na kwamba ni mimi niliyewafundisha hivyo.

Ndipo nikaeleza habari ya Novemba. Nilieleza yote, pezi na kinywa na maneno niliyokuambia. Kisha Alvah akafuta macho, akawaambia watu, "Mnaona? Mzee anajichafua ili amwokoe shemeji yake." Nikarudia mara ya pili. Wakauliza ni ndugu gani aliyeona na anayeshtaki. Hakusimama mtu. Katibu akaandika kwamba hakuna shtaka dhidi ya mzee.

Lako lilipigiwa kura. Mikono yote iliinuka isipokuwa wangu, nao hauhesabiwi, kwa kuwa mwenyekiti hapigi kura. Hukumu husomwa na mzee wa kanisa. Niliisoma.

Inakupasa pia kujua lililotokana na kikao cha Aprili. Maafisa wa viumbe wa bahari wamekataa hesabu ya tisa. Sharti lililowekwa kwa leseni mpya ni wavu mzito kwenye mdomo wa mfereji, na watu wa kuzikagua nondo kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, msimu wote wa kasa. Kazi imeanza. Wana wa Alvah hawakupoteza ajira, wala mjukuu wa Merle. Mtu aliyepoteza ni wewe peke yako.

Kwa hiyo natimiza wajibu. Jina lako limeondolewa katika kitabu cha washirika wa kanisa hili kuanzia tarehe 7 Septemba 2019. Jina la Verna lilibaki, ila ameleta barua ya mistari miwili akiomba lifutwe pamoja na la mumewe, nasi tumelifuta. Kanuni inaagiza barua ya namna hii imalizwe kwa kusema kwamba mlango uko wazi kwa atakayetubu, na hapa nasema hivyo. Nimekaa na kalamu tangu asubuhi nikitafuta jambo la kukuambia utubu ambalo mimi sikulitenda kabla yako, nikiwa mkubwa wako, na wewe ukitazama.

Jina langu lingali la kwanza kwenye kitabu.

Orrin Salter
Mzee wa Kanisa